Picha ya Mwezi wa Nane

Philbert Kalinga alikuwa mpiga picha wa harusi mjini Iringa, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani mtaani kwake. Studio yake ilikuwa chumba kimoja tu pale Mlandege, chenye pazia jekundu, kiti cha kuzunguka, na kioo ambacho watu walijitengenezea nywele kabla ya kupigwa picha ya pasipoti. Jumamosi alikuwa ukumbini akifuata maharusi. Jumapili alikuwa kanisani, kwenye kipaimara au komunyo ya kwanza. Alikuwa na jicho. Hata bwana harusi aliyekuja amenuna, kwenye albamu ya Philbert alitoka kama mtu aliyelala usingizi mzuri.

Jambo moja tu hakuliweza, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza, halikuwa limemsumbua. Hakujua kuogelea. Alizaliwa Kilolo, juu kwenye ukungu, ambako maji ya mto mtu hunawa mbio mbio na kurudi motoni. Maji mengi kuliko yote aliyowahi kuingia mwili mzima yalikuwa ya beseni.

Akaja Dokta Frida. Alikuwa mtaalamu wa samaki, mwenyeji wa Mbeya, mama mfupi anayeongea haraka na kuandika kila kitu kwenye daftari. Aliziona picha za Philbert kwenye harusi ya mdogo wake, akaulizia mpaka akafika Mlandege. Mradi wake ulikuwa unatafuta mtu wa kukaa miezi tisa kando ya Ziwa Nyasa, kwenye kijiji kimoja mbele ya Matema, kisicho na barabara, apige picha samaki wa kwenye miamba wakiwa humo humo majini. Kila wiki, mahali pale pale, ili ijulikane kama wanapungua au wanaongezeka.

"Unaogelea?" Frida aliuliza, kalamu mkononi.

"Naogelea, Dokta."

"Vizuri?"

"Kawaida tu."

Akaandika. Philbert aliuona ule mkono ukiandika, akajiambia kwamba atajifunza kabla ya safari. Hakujifunza. Iringa hakuwa na pa kujifunzia, na mwezi wa nne ulifika kabla hajaanza hata kutafuta.

Kutoka Iringa mpaka Mbeya, kutoka Mbeya kushuka Tukuyu na Kyela, joto lilikuwa linaongezeka kila basi linapokata kona. Matema alipanda mtumbwi wa injini, akashushwa kwenye kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji: nyumba chache za matofali, migomba, kanisa la bati, zahanati ya vyumba viwili. Nyuma milima ilisimama kama ukuta. Mbele maji yalikwenda mpaka macho yakachoka.

Asubuhi iliyofuata Frida alimkabidhi vifaa. Kamera ndani ya kasha gumu la kuzuia maji, miwani ya kuzamia, bomba la kuvutia hewa, na mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni. Akina mama walikuwa wanafua pembeni. Philbert akaingia, maji yakamfika kifuani, akateleza kwenye jiwe, na hapo uongo wake ukaisha. Alipiga mikono kama kuku aliyemwagiwa maji. Alikunywa ziwa. Alichokumbuka baadaye ni mkono uliomshika ukosi wa shati na kumkokota mpaka kwenye mchanga, halafu kicheko cha akina mama, halafu Dokta Frida amesimama juu yake, daftari mkononi.

Aliyemtoa alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mjane, jina lake Tupokigwe. Ndiye aliyekuwa amepangiwa kumpa chumba. Frida alitaka kumrudisha Iringa siku hiyo hiyo. Tupokigwe ndiye aliyesema, kwa Kiswahili chake kilichopita kwanza kwenye Kinyakyusa, "Mwache, Dokta. Huyu mtoto wa baridi. Mimi nitamfundisha."

Akamfundisha. Wiki tatu, kila asubuhi, nyuma ya miamba mikubwa upande wa kusini, ambako hakuna anayefua wala kuchota maji. Alimshikilia tumbo kwa kiganja kama mtu anayeshika mtoto anayejifunza kutambaa. "Tulia, mwanangu. Ukikaza mwili unazama. Legea." Yeye mwenyewe aliingia majini amevaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, vinavyofika chini ya vifundo vya miguu. Nchi kavu alitembea polepole, akivuta mguu wa kushoto. Majini alikwenda kama kitu kisicho na uzito. Philbert aliona tofauti hiyo, akadhani ni uzee.

Mwezi wa saba alikuwa amekuwa mtu mwingine. Aliweza kuvuta pumzi, kushuka mpaka kwenye jiwe, kushikilia kamera bila kutikisika, kungoja, kubonyeza, na kupanda. Alijifunza kwamba chini ya maji rangi nyekundu ndiyo inayokufa kwanza, na kwamba ukimkimbilia samaki utapata picha ya mkia. Unakaa. Unakuwa kama jiwe, mpaka wakusahau. Aliwapiga wale wadogo wa buluu wenye mistari wakigombania mwamba, akawapiga majike wanaotunza watoto mdomoni, midomo imewajaa. Kila Ijumaa alituma picha kwa Frida kwa mtandao wa kubahatisha, akiwa amepanda kwenye kilima nyuma ya kanisa.

Nyumbani kwa Tupokigwe aliishi kama mtoto wa ndani. Walikula ndizi na usipa, vile vidagaa vya ziwani, na wali wa Kyela siku za wageni. Alimwita Mama. Tumpe, binti wa mwisho wa Tupokigwe, mhudumu pale zahanati, alizoea kumtania: "Siku hizi Mama ana mtoto Mhehe, sisi wengine tumesahauliwa." Philbert akicheka, akishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, kwa lafudhi iliyowachekesha zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Philbert alikuwa amewahi kuliko kawaida, akaenda moja kwa moja kwenye miamba ya kusini, akazama na kujibanza kwenye ufa wa jiwe akingoja samaki. Alipopanda kuvuta pumzi hakuona mtu. Aliposhuka tena, maji mbele yake yalitikisika na miguu miwili ikaingia.

Ilikuwa ya Tupokigwe. Alikuwa amekuja kuoga, akiamini yuko peke yake, amevikunja vile vitenge mpaka juu ya magoti. Mguu wa kulia ulikuwa mguu wa mwanamke mzee. Wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia goti kushuka, mnene kama gogo, ngozi imekunjana mikunjo mikunjo, vidole vimezama ndani ya nyama. Tende. Philbert alikuwa amesikia habari za ugonjwa huo, hakuwahi kuuona. Ndani ya dakika ile alielewa vitenge viwili, mwendo wa taratibu, na kwa nini mama huyu alichagua miamba isiyo na watu.

Alipaswa kugeuka. Alijua, hata pale pale alijua. Lakini jua lilikuwa linaingia kwa mshazari, mistari ya mwanga ikicheza juu ya ngozi ile, na samaki wa buluu, wengi, wakawa wamekuja. Walizunguka mguu uliovimba kama wanavyozunguka mwamba, wanadonoa taratibu, hawaogopi. Pindo la kitenge, lenye mkia wa tausi, lilielea juu yake. Kidole cha Philbert kikabonyeza. Mara moja, mara mbili, mara kumi na moja. Kisha akazunguka mwamba chini kwa chini, akatokea mbali, akajifanya ndiyo kwanza anafika.

"Umeamka mapema, mwanangu," Tupokigwe alimwita kutoka majini, vitenge vimeshashuka.

"Shikamoo Mama. Nimechelewa kidogo leo."

Huo ulikuwa uongo wake wa pili kwenye ziwa lile, na ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Angeweza kuzifuta. Alizifungua kwenye laptopu chumbani, mlango umefungwa, na akajua kwamba hajawahi kupiga picha kama ile ya saba. Hapakuwa na uso. Hilo ndilo alilojishikiza nalo: hapana uso, hapana jina, ni mguu tu na samaki. Ijumaa akaituma pamoja na nyingine.

Frida alipiga simu siku ya pili yake. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Philbert, hii picha ya mguu. Nimeikalia asubuhi nzima. Huyu mtu ametoa ruhusa?"

Alikuwa amesimama kwenye kilima, nyuma ya kanisa. Chini aliliona paa la nyumba ya Tupokigwe na moshi wa jikoni.

"Ndiyo, Dokta. Ametoa."

"Ameandika?"

"Hajui kuandika. Amesema kwa mdomo."

Tupokigwe alikuwa mhazini wa kwaya ya akina mama. Aliandika vizuri kabisa, herufi zimelala upande mmoja.

Mwezi wa kumi na mbili mkataba uliisha, Philbert akarudi Iringa na zawadi za kutosha: mchele, chungu, mkungu wa ndizi ambao ulimletea kelele na kondakta. Tupokigwe alimsindikiza mpaka kwenye mtumbwi. Picha zilionyeshwa kwenye ukumbi mmoja Mbeya, watu wakaja na suti, na ile ya saba iliwekwa mlangoni, kubwa kama kitanda. Philbert alisimama pembeni yake akipokea mikono. Bwana mmoja alimwambia hajawahi kuona mateso yakiwa mazuri hivyo. Philbert alisema asante, na neno lile likabaki mdomoni kama dawa chungu.

Kisha mradi ukachapisha kalenda. Hakuambiwa, au labda aliambiwa katika ujumbe ambao hakuusoma mpaka mwisho. Picha kumi na mbili, na ya saba ikapewa mwezi wa nane. Kalenda ziligawiwa bure kwa shule, ofisi za kata na zahanati, na kwa heshima, boksi zima lilipelekwa kijijini kule kule zilikopigwa picha.

Tumpe alipiga simu mwishoni mwa Januari, saa za kazi. Philbert alikuwa na mteja kwenye kiti.

"Wewe ndiye uliyempiga Mama," alisema. Hakusalimu.

"Tumpe, ngoja kwanza, hapana uso pale, mtu hawezi..."

"Kitenge cha tausi kijijini anacho nani mwingine? Ule mwamba ni wa nani? Mimi nilifungua boksi lile zahanati, mbele ya wagonjwa. Watoto wa shule sasa wakipita wanatembea kwa kuvuta mguu. Miaka ishirini na mbili amejificha. Marehemu baba na sisi watoto tu ndio tuliokuwa tunajua. Haendi kwaya. Haendi majini. Anajifuta kwa kitambaa chumbani kama mgonjwa."

"Naomba niongee naye."

"Hataki simu yako." Ikakatika.

Mteja aliuliza kama kuna msiba. Philbert alimwambia hapana, akampiga picha, na ilibidi ampige tena kwa sababu ya kwanza ilitoka na ukungu.

Mtu mwingine angepanda basi kesho yake. Philbert hakupanda. Februari yote aliishi akitafuta sababu: kuna harusi, kuna mvua, barabara ya Kyela imeharibika. Simu ya Dokta Frida ikiita aliiacha iite. Alianza kushindwa kuwatazama watu kwenye kiti cha studio. Alikuwa anawaambia wainue kidevu huku macho yake yako kwenye pazia.

Alipokwenda Kilolo kumsalimia mama yake ndipo alipokwama. Aliingia, akasalimia kwa Kihehe, kamwene, akainua macho, na ukutani, juu ya meza ya chakula, palikuwa na kalenda. Binamu yake aliipata kwenye ofisi ya kata. Mama yake hakungoja Januari iishe wala Februari. Aliifungua mwezi wa nane na kuipigilia msumari hivyo hivyo.

"Nawaonyesha majirani wote," alisema kwa furaha. "Nawaambia huyu mwanangu alizama kwenye maji mpaka chini kuipiga. Lakini niambie, huyu mama anaitwa nani? Mguu ule unamuuma? Kila jioni namwombea, ila siwezi kumtaja."

Philbert alikaa. Alianza kusema jina, akashindwa, akaweka mikono usoni. Mama yake akadhani anaumwa. Kisha akamweleza yote, kuanzia swali la Frida studio mpaka simu ya Tumpe, na alipomaliza mama yake alikuwa ameacha kumtazama. Alipanda juu ya kiti, akang'oa msumari kwa mkono, akaikunja kalenda na kuiweka kabatini chini ya mashuka, taratibu, kama mtu anayefunika kitu kilicho hai.

"Alikulisha miezi tisa," alisema.

Alifika kijijini wiki ya pili ya Machi. Njiani alikuwa amepanga: atakusanya kalenda zote, nyumba kwa nyumba, na Jumapili ataomba nafasi kanisani aseme mbele ya watu kwamba kosa ni lake. Alianza na zahanati. Tumpe alimsukumia boksi lenye zilizobaki. Akaenda shuleni, akaenda kwa mwenyekiti, kisha akaanza kubisha hodi. Kila mlango waliuliza kwa nini anazitaka. Kila mlango alilazimika kujibu kitu. Kufikia mchana, hata wale waliokuwa wameitundika kwa ajili ya kuona tarehe tu, wasiotambua chochote, walikuwa wameifungua mwezi wa nane na kuitazama upya.

Tupokigwe alimkuta kwenye nyumba ya kumi na moja. Alikuwa ametembea mwenyewe, kwa mwendo wake, katikati ya njia, na watu walikuwa mlangoni wanatazama.

"Weka hizo chini," alisema. "Njoo."

Walikwenda mpaka uani kwake. Hakumpa kiti. Philbert alipiga magoti bila kupanga.

"Mama, nimekukosea. Nilikuwa nimejificha pale chini, nikakuona, nikapiga. Dokta aliniuliza kama umekubali, nikamwambia ndiyo. Nikamwambia hujui kuandika."

Hilo la mwisho ndilo lililomgusa. Alitikisa kichwa kidogo. "Hata kuandika umeninyang'anya."

"Jumapili nitasimama kanisani niwaambie watu wote..."

"Uwaambie nini? Mguu wangu tena?" Hakupandisha sauti. "Umenivua mara ya kwanza kwenye maji. Leo unanivua mara ya pili, nyumba kwa nyumba. Sasa unataka ya tatu, madhabahuni, ili wewe upate kulala. Usinitaje kanisani, Philbert. Hata kwa wema. Usinitaje popote."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Miezi tisa yote alikuwa mwanangu.

"Nifanye nini basi, Mama?"

"Kamwambie Dokta ukweli. Kisha nenda kwenu." Akasimama, akaingia ndani, na Philbert alisikia kitasa kikizungushwa. Tumpe ndiye aliyemwonyesha njia ya mtumbwi, kana kwamba haijui.

Mbeya alishuka basi na kwenda ofisini kwa Frida na nguo zenye tope. Alimwambia mlangoni, kabla hajakaribishwa kukaa, kwa kuwa alijiogopa akikaa. Frida alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alifungua lile daftari la siku ya kwanza, akarudi nyuma kurasa nyingi, akaonyesha kwa kalamu: Anaogelea. Kawaida.

"Hapa ndipo nilipotakiwa kukuacha," alisema. Alikuwa na hasira, lakini zaidi alikuwa amechoka. "Na mimi nina la kwangu. Niliuliza mara moja tu kwa simu, nikaridhika, kwa sababu niliitaka ile picha."

Ile picha iliondolewa kwenye kazi zote za mradi. Frida alikwenda mwenyewe kwa Tupokigwe, peke yake, na walichoongea hakikumfikia Philbert. Kazi ya awamu ya pili, ambayo alikuwa ameahidiwa, alipewa dada mmoja wa Tukuyu anayeogelea kweli. Philbert alizifuta zote kumi na moja, moja moja, akiitazama kila moja kabla ya kuifuta. Hakuhisi nafuu aliyoitarajia. Kalenda zilizokwisha gawiwa mikoani zilibaki kwenye kuta za watu wasiojulikana, na mwezi wa nane ulipofika aliupitisha wote akiepuka ofisi za serikali. Aliposhindwa kuepuka, pale kwenye ofisi moja ya kata njia ya Idodi, alisimama mbele ya meza ya mtendaji na kuuona mguu wa Mama ukutani, juu ya tarehe, na mtendaji akamwuliza kwa nini anatoka jasho.

Aliomba apewe ile karatasi. Mtendaji alicheka, akasema kalenda bado inatumika. Philbert hakubisha. Alimaliza shida yake na kutoka.

Bado anapiga harusi. Wenzake wanasema amekuwa na maswali mengi; anamwuliza hata bibi aliyekaa kwenye kona ya ukumbi kama anakubali kupigwa, na akikataa anashusha kamera na kusema samahani, mpaka wenye shughuli wanakasirika kwa picha zilizopungua. Habari za ziwa huwa hasimulii. Mtu akimwuliza kama ni kweli aliwahi kufanya kazi chini ya maji, anasema ni kweli, na anahamisha mazungumzo.

Kila baada ya muda anamtumia Tumpe salamu amfikishie Mama. Mwaka mzima hazikujibiwa. Pasaka iliyopita ujumbe uliingia, mfupi, wakati anafunga studio: Mama ameanza kliniki ya mguu Kyela, anaendelea vizuri, na salamu zako zimefika.

Alisoma mara kadhaa akitafuta kama kuna salamu za kurudi. Hazikuwapo. Akaandika asante, akafunga mlango, akaelekea kwenye kituo cha mabasi na watu wengine.